Je, wajua kichocho hufika hadi kwenye kizazi?

Huko Kwale, pwani ya Kenya, kichocho ni ugonjwa wa siku nyingi. Watafiti wamekuwa wakikichunguza Msambweni tangu miaka ya 1980, na dalili yake kuu inajulikana: kukojoa damu. Wasichojua wengi ni kwamba mnyoo anayekileta huharibu pia viungo vya uzazi, vya wanawake na vya wanaume.

Jina lake la kitaalamu ni Schistosoma haematobium. Daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, alimgundua Cairo mwaka 1851. Viluwiluwi vyake hutoka kwa konokono wa maji baridi, hasa mchana jua likiwa kali, na kupenya ngozi ya mtu anayefua, anayeoga au anayelima mpunga majini. Dakika chache tu zinatosha. Konokono hao hawaishi kwenye maji ya chumvi, kwa hiyo bahari ya Diani, hukohuko Kwale, haina kichocho. Hatari iko kwenye mabwawa na vijito vya bara.

Dume wa mnyoo huyu ana urefu wa sentimita moja hivi. Hukunja mwili wake ukafanya mfereji, na jike, mrefu zaidi lakini mwembamba, huingia humo. Hukaa hivyo miaka kadhaa ndani ya mishipa ya damu iliyo karibu na kibofu.

Hapo pana ajabu. Mwanamke hupevusha yai kwa amri ya homoni za mwili wake mwenyewe: tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo huziamsha ovari, nazo ovari hutoa estrojeni na projesteroni za kuuandaa mfuko wa uzazi. Jike wa kichocho hupokea amri kutoka kwa mwenzake. Bila dume hapevuki. Mwaka 2022, watafiti wa UT Southwestern huko Dallas, Marekani, waliomchunguza ndugu yake, mnyoo wa kichocho cha tumbo, waliitambua kemikali ya dume inayofanya kazi hiyo. Majike waliopewa kemikali hiyo peke yake, bila dume, walipevuka na kuanza kutaga.

Madhara huletwa na mayai hayo. Jike anaweza kutaga hadi mayai 200 kwa siku, kila moja likiwa na mwiba nchani. Mengine hutoka na mkojo. Mengi hukwama mwilini. Kwa kuwa mishipa ya kibofu imeungana na ya viungo vya uzazi, mayai hufika ukeni, kwenye mlango wa kizazi na hata kwenye mirija ya uzazi. Mwili hupambana nayo, na panabaki vidonda na makovu. Kwenye mlango wa kizazi mhudumu anaweza kuona mabaka yenye chembechembe kama mchanga, na mishipa inayovuja damu ikiguswa tu. Mirija ikiziba, mwanamke anaweza kukosa mtoto au mimba ikatunga nje ya kizazi. Mwanamume anaweza kuona damu kwenye shahawa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa wanawake na wasichana milioni 56 wana kichocho cha viungo vya uzazi. Wengi wao hudhaniwa kuwa na ugonjwa wa zinaa, kwa kuwa dalili zinafanana: uchafu ukeni, damu, maumivu wakati wa tendo la ndoa. Lakini hata binti asiyemjua mwanamume anaweza kupata kichocho hiki. Kumshuku ni kumdhulumu, na dawa za magonjwa ya zinaa hazitamponya. Vipimo vya mkojo navyo vinaweza kukosa mayai ilhali kizazi kimeshaathirika.

Dawa ipo, prazikwanteli. Huua minyoo waliokomaa, lakini makovu ya zamani haiyafuti. Ndiyo maana watoto wapewe mapema, kabla madhara hayajaota mizizi. Na mama au binti akija na dalili hizi, kabla ya kuulizwa amelala na nani, aulizwe amekuwa akioga na kufua wapi.