KIWEWE: DONDA LISILOONEKANA

Leo nataka tuzungumze habari ya kiwewe, nami nitaanzia nyumbani.

Mama yangu ni wa Cheptais, Mlima Elgon. Mwaka wa 2007, vita vya mashamba vilipochacha, alikimbia usiku akafika hapa Kiminini na kikapu kimoja. Mimi nilizaliwa baadaye, lakini vita vile navijua. Mlango ukibamizwa na upepo, mama yuko wima, mwiko mkononi. Hata kanisani haupi mlango mgongo. Ukimwuliza ana nini, jibu ni moja tu: "Mawazo."

Hicho ndicho kiwewe. Si wazimu, jamani! Mwili ulikutana na hatari ukajifunza kujihami, na sasa unakataa kuamini kwamba hatari imepita. Mtu huota mambo yale yale, hushtuka ovyo, hukasirika bila sababu. Darasani yumo lakini hayumo.

Dawa yake ni mazungumzo, ila si mazungumzo yoyote tu. Mgeni akija na daftari na maneno ya kitabuni, mama atampa chai na kumwambia sisi ni wazima.

Majirani zetu Wabukusu wana kumuse. Mzee mwenye heshima akishazikwa, msemaji hutembea huku na huku katikati ya umati, akisimulia asili ya ukoo na kuwafariji waliobaki. Nilihudhuria moja, nikaona wazee wakitokwa na machozi, wale wale wanaotukanya kwamba mwanamume halii. Lakini kumuse ni ya wazee. Baba ya rafiki yangu alikufa angali kijana, na sisi watoto tukatumwa maji.

Watoto kama huyo ndio waliolengwa na mpango wa Pamoja Tunaweza, uliojaribiwa kwa jirani zetu Bungoma na kule Moshi, Tanzania. Watoto 640 waliofiwa na mzazi, wa miaka 7 hadi 13, walishiriki, na nusu yao wakapata ushauri huo. Washauri walikuwa watu wa huko huko, si madaktari. Vikundi vilikutana mara 12, na walezi pia walikuwa na chao. Kwanza watoto walifunzwa kupumua polepole na kutaja hisia. Ndipo kila mmoja akasimulia kile kifo, kidogo kidogo, mpaka kikapunguza kuuma. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2020: baada ya mwaka mmoja, wa Bungoma bado walikuwa na nafuu kuwashinda wenzao waliopata huduma za kawaida. Moshi tofauti hiyo haikudumu, kwa hivyo tusidhani ni uganga.

Juzi tukipukuchua mahindi nilimwuliza mama kikapu kile kilikuwa na nini. Ya bunduki sikuyagusa. Hayo ni ya mshauri. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: sufuria, leso mbili na mbegu za maharagwe. Akaendelea kusimulia mpaka gunia likajaa.