Ng'ombe Aliyepanda Mti

Kwenye ukuta wa kinyozi mmoja hapa Bomang'ombe, hatua chache kutoka stendi, amechorwa gorila. Kifua kimetuna, ngumi zimekunjwa, na nyuma yake kuna mlima wenye theluji ambao hata mlevi wa saa tano usiku ataapa ni Kibo. Nimepita pale miaka mingi bila kusumbuka, hadi mtoto wa mdogo wangu, yuko darasa la tatu, aliponishika mkono: "Mama mkubwa, likizo nipeleke kwa yule."

Nianzie wapi? Gorila wa milimani wako Bwindi na Virunga, kule Uganda, Rwanda na Kongo zinakokutana. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2019 ilipata 1,063 duniani kote. Mgeni kutoka ng'ambo hulipa Rwanda dola 1,500 kuketi nao saa moja. Hata sokwe wetu wenyewe wako Gombe na Mahale, Kigoma, upande wa pili wa nchi. Nikafanya wanavyofanya wakubwa wakibanwa. Nikampeleka kwingine.

Hifadhi ya Taifa ya Arusha ni ndogo, kilomita za mraba 552. Ilianza mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto, na Mlima Meru ukaongezwa mwaka 1967. Simba hakuna. Watu hutembea kwa miguu, askari na bunduki yake mbele, kwa ajili ya nyati na tembo.

Mwongoza watalii wetu alikuwa mzaliwa wa Machame, mtu wa maneno mengi na hatua fupi. Twiga alituonyesha kwa kidevu tu, kama anayeonyesha duka la jirani. Alisimama chini ya mti mmoja mkubwa, akavua kofia.

"Mwambie kijana atazame juu, asipige kelele."

Mbega. Walikuwa saba au wanane, weusi, na joho jeupe limewadondoka mabegani hadi kiunoni, mikia imening'inia kama mashada. Hawakuruka wala kugombana. Walikaa, matumbo yamewatoka, wakiota jua la saa tatu kama wazee kwenye baraza la kahawa.

"Watalii hunilalamikia kwamba ni wavivu," alisema. "Si uvivu, yupo kazini huyo. Amekula majani, na majani ni chakula kigumu. Tumbo lake lina vyumba, yanachacha humo ndani taratibu, kama tumbo la ng'ombe. Tofauti yake hacheui. Mimi huwaambia wageni, huyu ni ng'ombe aliyepanda mti."

Nikacheka peke yangu. Natoka mji unaoitwa boma la ng'ombe, na ng'ombe huyu sikuwahi kuambiwa habari zake.

"Na ndizi msimpe," akaendelea, macho kwa mtoto aliyekuwa na moja mfukoni. "Tunda bivu lenye sukari linachacha haraka mno tumboni mwake. Unamwonea huruma, kumbe unamuumiza."

Kisha akampa mtoto darubini: hesabu vidole vya mkono. Mtoto akahesabu, akarudia, akanigeukia kama aliyeibiwa. "Vinne!"

"Dole gumba limebaki kinundu, wengine hata hicho hawana," mzee alisema, akikunja vidole vyake vinne kama kulabu. "Hashiki tawi, anajitundika. Gumba lingemkwaza." Alisema mtoto wa mbega huzaliwa mweupe wote, na alfajiri dume hunguruma kama pikipiki iliyogoma kuwaka kwa baridi. Joho lile zamani lilivaliwa na wapiganaji na wacheza ngoma wa Kaskazini, kisha wafanyabiashara wa karne ya 19 wakaligundua, wakazipeleka ngozi Ulaya kwa mafungu. Alilisema hilo haraka, bila kumtazama mtoto.

Mbega hawa wako pia kwenye misitu ya Kilimanjaro. Nikamuuliza: kati ya Meru na Kilimanjaro sasa kuna mashamba, barabara, uwanja wa ndege na sisi wa Bomang'ombe. Wa huku na wa kule waliachana lini? Watakutana tena?

Alivaa kofia yake. "Mbega hapendi kushuka chini, mama. Na pale katikati miti iko wapi?"

Tuliporudi nilimpitia mchoraji wa ule ukuta, nikamsimulia kila kitu. Alisikiliza vizuri, akauliza kuhusu joho, akauliza kuhusu mkia. Akasema mteja wake alitaka mnyama wa kutisha, na mbega hatishi mtu.

Juzi nimepita tena. Gorila yupo, amepakwa rangi upya. Ana vidole vitano.