Kasiksi, bia ya mikono ya Kivu inayokosekana kwenye meza za restora

BUKAVU – Mchana, kwenye restora za katikati ya mji, iwe Bukavu au Goma, mteja hana haja kubwa ya kusoma ukurasa wa vinywaji. Primus, Mützig, Turbo King, Heineken: majina ni yale yale. Sambaza wa ziwa Kivu wanaletwa wakiwa wa moto, sombe iko, bugali iko. Kinachokosekana mara nyingi ni kinywaji cha ndizi zinazoota kwenye vilima vya jimbo hili. Kasiksi inabaki kwenye nganda za mitaa, ndani ya bidoni za njano za lita 20.

Suala la kinywaji hiki limepata uzito mpya tangu mwaka wa 2025. Waasi wa M23 waliuchukua mji wa Goma mwishoni mwa Januari, kisha Bukavu katikati ya Februari. Mwezi wa Juni, kampuni ya Heineken, iliyokuwa na hisa nyingi katika Bralima, ilitangaza kwamba imeondoa wafanyakazi wake na kupoteza udhibiti wa vituo vyake katika miji hiyo miwili. Kasiksi, kwa upande wake, haitegemei kiwanda, umeme wala shayiri kutoka nje. Inategemea mgomba, mikono na njia ya kufikia soko.

Shimo, nyasi na mtama

Kazi inaanzia shambani. Ndizi za kutengeneza bia hukatwa zikiwa zimekomaa lakini bado za kijani. Zinawekwa ndani ya shimo lililotandikwa majani ya migomba, zinafunikwa kwa majani mengine na udongo, na mara nyingi moto huwashwa pembeni ili joto na moshi viingie. Baada ya siku chache zinatoka zikiwa njano na laini.

Zinamenywa, zinatiwa ndani ya mtumbwi wa mbao na kukamuliwa kwa mikono pamoja na nyasi. Nyasi ndizo zinazoshika nyama ya ndizi ili maji matamu yatoke peke yake. Maji hayo, yakisha kuchujwa, huitwa mutobe, na hata watoto wanayanywa. Yakiongezwa maji na unga wa mtama uliokaangwa, kisha kufunikwa mahali penye joto, yanaanza kuchemka bila moto. Chachu zinakula sukari na kuacha pombe. Siku moja hadi tatu zinatosha.

Ladha inafuata kalenda. Siku ya kwanza kasiksi bado ni tamu. Inayofuata inakuwa kali na yenye povu. Ikikaa zaidi inageuka chachu kama siki, na hapo hakuna mnunuzi. Hata bidoni ikifungwa kabisa njiani inavimba, kwa sababu kinywaji kinaendelea kutoa hewa. Kwa hiyo boti ikichelewa kuondoka Idjwi, au barabara ya Kabare na Walungu ikikatika kwa mvua au kwa usalama mdogo, hasara inamwangukia mwenye bidoni.

Hasara hiyo ina maana kubwa nyumbani. Katika familia nyingi wanaume ndio wanaokamua, wanawake wakiuza. Mkungu mzima unaleta pesa kidogo, lakini ukigeuzwa kasiksi thamani yake inapanda, na pesa ya ziada ndiyo inayolipa minerval ya watoto, chumvi, sabuni na dawa.

Muuzaji ndiye anaonja kwanza

Ndani ya nganda ya kasiksi hakuna menyu. Kuna benchi, bidoni, vikombe vya plastiki na, kwa wazee wanaoshika desturi, kibuyu chenye mrija. Punje za mtama zinaelea juu ya povu. Lakini kabla ya kikombe kumfikia mgeni, mwenye kuuza anakunywa mfundo mmoja mbele ya macho yake.

Desturi hiyo haihusu ladha peke yake. Katika Kivu Kusini, hofu ya karuho, yaani sumu inayotiwa kwa siri katika chakula au kinywaji, iko katika mazungumzo ya kila siku. Anayeonja kwanza anatoa dhamana kwa mwili wake. Dhamana hiyo inafanya kazi kati ya watu wanaojuana. Mgeni wa restora hamjui aliyekamua ndizi, na mwenye restora hawezi kumwomba mhudumu aonje kila glasi.

Kuna pia swali la maji. Kivu ni eneo ambalo kipindupindu kinarudi mara kwa mara, na maji yanayoongezwa kwenye mutobe si kila mara yanachemshwa. Mtengenezaji anayetaka kuuza mbali na mtaa wake angepaswa kuanzia hapo, kabla ya kufikiria chupa nzuri au lebo.

Adui aliye shambani

Hata kama maji ni safi, ndizi zenyewe ziko hatarini. Mwaka 2001 mnyauko wa migomba, ugonjwa unaoletwa na bakteria, ulionekana Masisi, katika Kivu Kaskazini, kisha ukasambaa. Majani yanakuwa njano na kunyauka, matunda yanaiva kabla ya wakati na ndani yanakuwa kahawia. Ndizi hizo hazitoi mutobe wa kuuza. Baadhi ya aina za ndizi za bia hushambuliwa kwa urahisi, kwa sababu wadudu wanaotembelea ua dume hubeba bakteria kutoka mgomba mmoja hadi mwingine.

Dawa ya kuponya haipo. Kinachosaidia ni kuondoa ua dume mapema kwa kijiti chenye panda badala ya kisu, kukata shina lililougua, na kupitisha panga kwenye moto au maji ya Javel kabla ya kugusa mgomba mwingine.

Kwingine imeingia kwenye chupa

Mfano wa kutoka kwenye bidoni upo. Mjini Arusha, Tanzania, kampuni ya Banana Investments inatengeneza vinywaji vya ndizi na kuviuza kwenye chupa. Nchini Ubelgiji, kiwanda cha Huyghe kinatengeneza bia ya ndizi iitwayo Mongozo, inayonywewa katika chombo chenye umbo la kibuyu. Mteja wa Brussels analipia kama kitu cha pekee kile ambacho mkaaji wa Kadutu anakiona kama kinywaji cha asiye na pesa ya Primus.

Kuweka kwenye chupa kunahitaji mashine, joto la kuua chachu na mtaji, mambo ambayo ni magumu kupatikana katika mji wenye vita. Lakini restora haina lazima ya kungoja kiwanda. Sambaza nao hawakai siku mbili bila kuharibika, na bado wanapatikana mezani, kwa sababu mpishi anamjua mvuvi wake na ananunua cha siku hiyo. Kasiksi inaweza kununuliwa hivyo hivyo: kwa mtengenezaji mmoja anayejulikana, anayechemsha maji yake, kwa kiasi cha siku hiyo tu, na tarehe ya kukamuliwa ikiandikwa kwa chaki ubaoni.