Nyota Nazo Zina Ndoa, na Nyingine Feki

Hivi unajua nyota nyingi huko juu zinaishi mbilimbili, kama mtu na mkewe? Sikutanii.

Toka nje mwezi Juni, kama saa tatu usiku, masika yamekwisha hapa Ifakara na mashamba hayajaanza kuchomwa moto. Tazama kusini. Utauona Msalaba wa Kusini na kushoto kwake nyota mbili kali. Ile iliyo mbali zaidi na Msalaba ndiyo Alpha Centauri. Kwa macho ni moja. Kwa kidarubini changu cha mtumba, lenzi milimita 60, zinatokea mbili: kubwa ya njano na mwenzake anayeelekea rangi ya chungwa, katikati uzi mwembamba wa giza. Padri mmoja Mfaransa, Jean Richaud, aliligundua hilo mwaka 1689 akiwa Pondicherry, India.

Zinazungukana kwa miaka 80 hivi. Zilikaribiana sana mwaka 1955, zitakaribiana tena 2035, umri wa mzee mzima! Zikishabanana hivyo, darubini kama yangu itashindwa kuzitenganisha. Kwa hiyo anayetaka kuona aone sasa.

Halafu kuna ndoa feki. Kwenye kundi la Mbuzi zipo mbili zinaonekana bega kwa bega hata bila darubini, kumbe moja iko nyuma mno na wala hazijuani. Mjini mnawajua watu wa aina hiyo.

Kasheshe ni majirani. Kijana usiku uani na dude refu, mabafu ya mtaani kwetu hayana paa, unadhani watu walisema nazungumza na nyota? Zikavuma habari kuwa nachungulia wake za watu. Kwa hilo mtu anaweza kupigwa hadi kufa, bwana. Mjumbe akaja na wanaume wawili wenye fimbo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hilo linatazama wapi?"

Nikampisha. Akainama, akakaa kimya muda mrefu, mbu wanamla.

"Mbona ziko mbili?"

Fimbo zikawekwa ukutani, nao wakataka zamu. Siku ya pili mama mwenye bafu lile lile lililoleta maneno akaja na kigoda chake. Sasa anaidai Acrux, nyota ya chini ya Msalaba, maana nimemwambia nayo ni mbili. Zamu yake Jumamosi, mawingu ya Udzungwa yakituachia.