Kwa nini boma liko Lushoto na si Vuga?

Ukichukua ramani ya zama za Wajerumani, pale Lushoto utakuta jina Wilhelmstal, yaani Bonde la Wilhelm, Kaisari wao. Sawa, jina ni jina tu. Mimi kinachonivuta ni boma lenyewe. Usambara ilikuwa tayari na mji wake mkuu, Vuga, makao ya Simba Mwene wa Wakilindi. Kwa nini wasikae huko?

Mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga Mputa, mtoto wa Semboja, na kiti cha Vuga akakikalia Kinyashi. Kiti kilibaki, nguvu ikahama. Lushoto, kama mita 1,400 juu ya bahari, palikuwa na baridi waliyoipenda walowezi, na reli ya Tanga ilipofika Mombo mwaka 1905, kufika huko kukawa rahisi zaidi. Chini ya mkuu wa wilaya walikuwepo maakida, wengi wao watu wa pwani wanaojua kusoma na kuandika, kisha majumbe. Kumbuka, Mkilindi alitawala kwa ukoo. Akida alikuja na daftari la kodi.

Ila kilichouma hasa ni ardhi. Sheria ya Novemba 1895 ilisema ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya Serikali. Haya, mfikirie Msambaa wa wakati ule: ana shamba mlimani, ana lingine kule chini nyikani, na konde moja amelipumzisha. Mpimaji akipita, hilo la mwisho anaona pori! Na wa kuamua ni nani? Si mzee wa kijiji tena, ni ofisi ya Wilhelmstal.

Waingereza walipoingia mwaka 1916, jina la Kaisari likaondoka, boma likabaki palepale. Miaka ya 1920, kwa siasa yao ya kutawala kupitia machifu, walimrudisha Kinyashi Vuga. Ikawa milima ina makao mawili, na mwananchi anatozwa kodi kwa jina la yote mawili. Uchifu ulifutwa mwaka 1963, Lushoto ikabaki peke yake. Baadaye Bumbuli nayo ikamegwa kuwa halmashauri.

Kama shamba la babu yako limepakana na msitu wa Serikali kule Shume au Magamba, usiishie kwenye ramani za juzi. Majalada ya Kijerumani yapo Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Mwandiko wake ni mgumu, kwa hiyo tafuta mtu anayeusoma.