Chapa ya Navajo: tazama penseli kabla ya kulipa
Na Mwandishi Wetu, Toronto

Ghorofani Crescent Town, karibu na stesheni ya Victoria Park, tulikaribishwa chai na Mtanzania mwenzetu. Ukutani katundika picha ya mwanamke aliyejifunika blanketi, kazi ya R.C. Gorman (1931–2005), mchoraji Mnavajo wa Marekani. Aliilipia fedha nyingi akiambiwa ni chapa ya toleo la idadi maalumu. Tukaitoa kwenye fremu. Kumbe ni bango la kiwandani. Hata sahihi imechapwa na mashine!

Gorman alianza kuchapa litografia Mexico mwaka 1966. Mchoro huchorwa juu ya jiwe, hutolewa nakala chache, kisha jiwe hufutwa. Chini yake msanii huandika kwa penseli, tuseme 12/50, yaani nakala ya 12 kati ya 50, na kutia sahihi. Mabango yake nayo yalienea mno. Ukiyatazama kwa lenzi utaona vidoa vidogo vilivyojipanga safu safu.

Tulimkumbuka Edward Saidi Tingatinga, aliyepigwa risasi na polisi Dar es Salaam mwaka 1972. Vibao vyake havikuwa na nambari, na vya kughushi vimeingia sokoni.

Mwenyeji wetu amelirudisha bango ukutani. Anasema mama yule anafanana na bibi yake.