Kiungo kibovu cha waya hugunduliwa bila kukata stima

MFUGAJI aliyejaza tangi la kupozea maziwa jioni huomba jambo moja tu: stima isipotee kabla ya gari la maziwa kufika asubuhi. Mwenye kinu cha posho naye huomba isipotee siku ya soko. Inapopotea, wote wawili hulaumu transfoma au mvua. Lakini wakati mwingine chanzo ni kitu kidogo sana: mahali ambapo waya mmoja wa laini umeunganishwa na mwingine.

Kiungo kizuri hupitisha umeme sawa na waya wenyewe. Hata hivyo, waya hutanuka ukipata joto na kunywea ukipoa, upepo huutikisa, na alumini hufanya utando mgumu usiopitisha umeme mara inapokutana na hewa. Pale alumini inapofungwa na shaba bila kiungo maalum, unyevu huila alumini. Njia ya umeme ikizidi kuzibwa, kiungo hupata joto, na joto hilo huzidi kukiharibu. Mwishowe waya hukatika.

Kukata stima eneo zima ili kukagua viungo ni kumletea mfugaji hasara ile ile anayoiogopa. Ndiyo maana kuna njia ya kuvipima umeme ukiwa unapita.

Mfano wa ndege

Ndege hutua kwenye waya wa volti 33,000 na kuruka salama. Sababu ni kwamba miguu yake miwili iko kwenye waya mmoja, naye hagusi ardhi, nguzo wala waya mwingine. Kati ya mguu na mguu hakuna tofauti kubwa ya volti.

Kifaa cha kupimia hufuata kanuni hiyo. Hufungwa kwenye ncha ya fimbo ndefu ya faibaglasi isiyopitisha umeme. Ncha zake mbili za chuma hugusa waya ule ule, moja upande huu wa kiungo na nyingine upande wa pili. Kifaa hupima tofauti ndogo ya volti iliyopo hapo pamoja na ampea zinazopita, kisha hutoa ukinzani wa kiungo kwa mikroomu, yaani sehemu za milioni za omu. Fundi hupima pia kipande cha waya mtupu chenye urefu sawa na kulinganisha.

Waya wa alumini wa milimita 100 za mraba una ukinzani wa takriban mikroomu 280 kwa kila mita. Kipande cha sentimita 30 ni kama mikroomu 85, na kiungo cha urefu huo hakifai kuzidi hapo. Kikionyesha 850, kimeharibika. Ampea 200 zikipita, hutoa joto la wati 34 badala ya 3.4. Zikifika 400, joto huongezeka mara nne, hadi wati 136.

Kamera ya kupima joto pia hutumika, nayo humulika viungo vingi kwa muda mfupi. Lakini upepo hupoza kiungo, na saa ambazo vinu vimezimwa kiungo kibovu huweza kuonekana kizima. Kipimo cha ukinzani hakidanganywi kirahisi hivyo.

Kazi hii ni ya mafundi waliofunzwa pekee. Fimbo hupimwa na kupanguswa, kwa kuwa uchafu na unyevu huweza kupitisha umeme. Mvua ikianza, kazi husimama.

Jukumu la mteja

Mkulima hana kifaa hicho, lakini ana macho na masikio. Cheche usiku kwenye nguzo, mlio wa kukaanga, waya ulioning'inia kuliko kawaida, au taa zinazofifia na kurudi mtaa mzima ni dalili za kuripotiwa mapema. Nchini Kenya, wateja wa Kenya Power hupiga 97771.

Waya ukianguka shambani, watu wakae umbali wa angalau mita 10 na mifugo iondolewe njiani. Umeme husambaa ardhini, na ng'ombe yumo hatarini zaidi ya mtu kwa kuwa miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana sana. Asifuatwe hata akianguka, mpaka kampuni ithibitishe kuwa umeme umekatwa.

Dukani au kwenye kinu, skrubu iliyolegea huchoma waya kwa namna ile ile. Plagi inayopata moto au harufu ya plastiki inayoungua ni onyo. Lakini hapo hakuna sababu ya kufanya kazi umeme ukiwa unapita: zima swichi kuu, kisha uite fundi mwenye leseni. Gharama ya kukaza skrubu haikaribii bei ya mota iliyoungua.